Kabla Hujainua Nyuma ya Pikapu Ili Ivute Tela



Leo naweka mbegu na mbolea pembeni. Tangu vitunguu vianze kutoka shambani nimeulizwa swali moja na watu wanne, kila mmoja kwa maneno yake: "Bwana shamba, pikapu yetu tukiifunga tela inakaa kitako. Fundi anasema tuiinue nyuma. Tumpe kazi?" Najua wapo watakaosema afisa ugani na springi za gari wapi na wapi. Ni kweli, stashahada yangu ni ya kilimo. Lakini somo la zana lilikuwa na trekta na tela ndani yake, na uzito haujali kama unavutwa na Massey Ferguson au na Hilux. Tena hesabu yangu ya mazao haiishii ghalani. Kitunguu kilichomwagika kwenye kona za Kitonga ni hasara ya mkulima sawasawa na kilichoozea shambani.

Wote wanne niliwajibu neno moja: bado. Usiinue mpaka ujue kwa nini gari limekaa. Pikapu ikiinama nyuma inakuambia kitu, na zipo njia za kuiinua ambazo kazi yake ni kuinyamazisha tu.

Nitaeleza kwa mfano wa kikundi kimoja cha upande wa Ilula, ambacho kimeniruhusu nieleze yaliyotokea ila nisikitaje. Ni wakulima wa vitunguu na nyanya. Walichanga wakanunua pikapu iliyotumika, kebini moja, zile tunazoziita za tani moja. Baadaye wakachongesha tela kwa fundi wa kuchomelea, kwa kutumia ekseli ya gari dogo la zamani. Msimu ukifika hupakia wakateremka Kitonga kwenda Morogoro. Kwa msomaji wa mbali, Kitonga ni pale barabara ya Tanzania na Zambia inapoanguka kutoka nyanda za juu za Iringa kwenda bonde la Ruaha. Kona juu ya kona, ukuta wa mlima upande mmoja, korongo upande wa pili, na malori yanatambaa kwa gia ndogo kupanda na kushuka. Si mahali pa breki za kubahatisha.

Fundi wao alikuwa ameshatoa bei. Angeweka vipande viwili vya chuma vya inchi nne, kimoja kila upande, kati ya ekseli ya nyuma na springi. Shilingi 80,000, kazi ya asubuhi moja. Mwenyekiti aliniita nije nishuhudie kwa sababu fedha zilikuwa za kikundi na zilitakiwa ziandikwe. Ni mzee wa umri wa baba yangu, na dereva wa pikapu ni mwanawe wa mwisho.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Sisi tunataka gari likae sawa tu. Msimu unakimbia."

Nikamwomba vitu viwili kabla fundi hajafungua boksi lake: futi ya kupimia, na ile mizani ya chini ya kikundi wanayopimia magunia.

Kupima kwa futi ni kazi ya dakika tano na kila mwenye pikapu aifanye leo. Simamisha gari mahali tambarare, likiwa tupu, tairi zikiwa na upepo wa kawaida. Pima kutoka katikati ya tairi wima hadi ukingo wa madigadi uliopo juu yake. Fanya hivyo kwenye tairi zote nne, uandike. Kisha pakia kama unavyopakia siku ya safari, funga tela, upime tena. Tofauti ya namba hizo ndiyo habari yenyewe. Usiamini macho, maana pikapu nyingi zimetengenezwa nyuma iwe juu kidogo zikiwa tupu, ili zikipakiwa zikae sawa. Kwa hiyo kuinama kiasi ni jambo lililokusudiwa na kiwanda.

Kwa pikapu ya kikundi, nyuma tupu ilikuwa sentimita 56 upande wa kushoto. Ilipopakiwa na kufungwa tela ikawa 44. Mbele ilitoka 50 ikapanda hadi 52. Wengi wetu hatuitazami namba hiyo ya mbele, na mimi ndiyo iliyonitia wasiwasi.

Chukua ubao, uweke juu ya gogo, kalisha mtoto upande mmoja. Upande wa pili unapanda. Pikapu yenye tela ni hivyohivyo, na gogo ni ekseli ya nyuma. Kishikio cha tela kiko nyuma ya ekseli hiyo, kwa hiyo kila kilo inayolalia pale inakandamiza nyuma na papo hapo inanyanyua mbele. Pikapu hii ina takriban mita 3 kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma, na kishikio kiko mita 1.2 nyuma zaidi. Ukiweka kilo 100 kwenye kishikio, ekseli ya nyuma haibebi 100 bali 140, kwa sababu kilo 40 zimetoka mbele zikahamia nyuma. Mbele ndiko kwenye usukani, na ndiko breki zinakofanya sehemu kubwa ya kazi. Mbele ikiwa nyepesi, unakata kona na gari linasitasita kutii. Usiku nako taa zinaangalia angani, dereva wa lori anayekuja anakupigia kelele ukidhani ana kiburi.

Sasa tazama dawa ya fundi. Ukiweka chuma cha inchi nne chini ya springi, nyuma inapanda na kwa macho gari limekaa sawa. Je, zile kilo zilizotoka mbele zimerudi? Hazijarudi. Uzito kwenye kishikio ni uleule, umbali ni uleule. Umenyoosha sura ya gari tu. Nilimchorea mwenyekiti jambo hili kwa kijiti pale chini kwenye vumbi, akanyamaza kidogo, kisha akamwita mwanawe aje naye aone.

Tukapima ulimi wa tela. Tela likiwa limepakiwa, tuliweka mawe mbele na nyuma ya tairi zake, tukainua ulimi kwa jeki, tukaingiza mizani chini yake na vipande vya mbao juu ya mizani, ili ulimi ukae kimo kilekile unachokaa ukiwa umefungwa kwenye gari. Kimo hicho usikipuuze, kwa sababu ukipima ulimi ukiwa chini mno utapata namba ya uongo. Mizani ilisoma kilo 240.

Kama huna mizani kubwa, mizani ndogo ya kilo 100 inatosha ukitumia ubao imara. Ncha moja ya ubao iweke juu ya tofali, ncha nyingine juu ya mizani, umbali kati ya tofali na mizani uwe sentimita 150. Soma mizani ubao ukiwa mtupu, uandike. Kisha shusha ulimi wa tela juu ya ubao, sentimita 50 kutoka kwenye tofali. Toa ile namba ya kwanza, kinachobaki zidisha kwa tatu. Huo ndio uzito wa ulimi.

Je, 240 ni nyingi? Inategemea uzito wa tela zima. Kanuni ya kawaida kwa matela ya aina hii ni kwamba ulimi ubebe karibu sehemu moja ya kumi ya uzito wote wa tela na mzigo wake. Ukizidi sana, gari linakaa kitako. Ukipungua sana ni hatari kubwa zaidi, kwa sababu tela linaanza kucheza mkia, kushoto kulia, na likishika kasi ya kucheza linaweza kuligeuza gari. Ndiyo maana sipendi ushauri wa "pakia nyuma ya tela gari lipumue" unaotolewa bila mizani.

Hapo likatokea jambo lingine. Kila mtu pale alisema tela lina magunia tisa, kwa hiyo kilo 900. Tukapima gunia moja moja. La wastani lilikuwa na kilo 118. Lumbesa, ndugu zangu. Sheria ya vipimo inasema gunia lisizidi kilo 100, na kila mwaka nasimama kwenye mikutano kuwaambia wakulima kwamba lumbesa inawaibia bei. Siku hiyo nikawaambia inawaibia na breki pia. Magunia tisa yale yalikuwa na kilo 1,062. Tela lenyewe tuliliweka kwenye makadirio ya kilo 350. Jumla zaidi ya kilo 1,400, na hapo bado hatujahesabu magunia yaliyokuwa kwenye bodi ya pikapu.

Sehemu moja ya kumi ya 1,400 ni 140. Sisi tulikuwa na 240. Sababu ilikuwa dereva. Si kosa lake, alikuwa amewahi kuliona tela likicheza akaogopa, akaanza kurundika magunia mbele ya tela. Kutoka kishikio hadi ekseli ya tela ni mita 2.4. Ukilirudisha nyuma gunia la kilo 118 kwa mita moja, ulimi unapungua kilo 49. Tukarudisha magunia mawili mita moja. Tukapima, kilo 142. Tukalifunga tena kwenye pikapu na futi mkononi. Nyuma ilipanda sentimita mbili, mbele ikashuka moja. Ekseli ya nyuma ilikuwa imetuliwa kilo karibu 140 bila kununua hata nati moja.

Kuna dokezo ambalo sikulitaja mapema. Nilipopima gari likiwa tupu, upande wa kushoto ulisoma 56 na wa kulia 54. Gari tupu lililosimama mahali tambarare lisilale upande mmoja kwa sentimita mbili. Fundi alisema ni kwa sababu dereva hukaa kulia. Inawezekana kwa sehemu, lakini dereva hakuwa ndani tulipokuwa tunapima.

Nikamwomba afungue springi ya kulia. Springi za nyuma za pikapu hizi ni mabapa ya chuma yaliyopangwa moja juu ya lingine, refu juu, fupi chini, yakashikwa katikati kwa bolti moja na kufungwa kwenye ekseli kwa bolti zilizopindwa kama herufi U. Alipozitawanya, bapa la tatu lilikuwa limepasuka karibu na tundu la katikati. Ufa ulikuwa wa zamani, kutu imeshaingia ndani, sehemu ndogo tu ndiyo iliyokuwa bado inang'aa. Ukilitazama likiwa limefungwa huoni kitu.

Hakuna aliyesema neno kwa muda. Dereva aliliokota lile bapa, akalipinda kidogo kwa mikono, akalirudisha chini. Alikuwa ateremke Kitonga siku ya Ijumaa.

Namheshimu yule fundi, mikono yake inaijua kazi na alikubali palepale kwamba kazi imebadilika. Lakini wasomaji waelewe: vile vyuma vya inchi nne vingefungwa asubuhi ile, gari lingekaa juu, na bapa lililopasuka lingebaki ndani limefichwa.

Sasa tuje kwenye kuinua kwenyewe, maana wapo ambao mzigo wao umepangwa vizuri na springi zao ni nzima, ila zimechoka. Hao wana haki ya kuinua. Swali ni kwa njia gani.

Njia ninayoipendelea ni kubadilisha springi nzima pande zote mbili, au kuongeza bapa moja kila upande la upana na mkunjo unaolingana na mengine. Bapa jipya hubeba, haliishii kuinua. Fundi alilipangie mahali pake kwa urefu, bolti ya katikati iwe ndefu ya kutosha, na zile bolti za U zinunuliwe mpya. Ya zamani ikishavutika haishiki tena kama mwanzo. Baada ya kilomita mia tano hivi rudi azikaze tena, kwa sababu mabapa hujipanga na bolti hulegea. Usikubali bapa la lori likatwe kwa gesi na kulazimishwa kwenye pikapu. Na usiongeze upande mmoja tu.

Njia ya pili ni kupeleka springi kwa mhunzi azichome na kuzikunja upya. Ni rahisi na imezoeleka. Tatizo ni kwamba chuma cha springi kina ugumu uliowekwa kiwandani kwa moto na kupozwa kwa kipimo. Ukikichoma kwenye mkaa na kukipoza hovyo, ule ugumu unaondoka. Kitasimama mwezi mmoja au msimu mmoja, kisha kitalala tena au kitavunjika. Kuchomelea bapa lililopasuka ndiyo kabisa usifanye.

Vile vyuma vya kati ya ekseli na springi vinainua gari na haviongezi uwezo wa kubeba hata kilo moja. Pia vinaipa ekseli nafasi ya kuzipindapinda springi kila unapokanyaga breki au unapoondoka na mzigo, na kadiri chuma kinavyokuwa kirefu ndivyo kupinda kunavyozidi. Kipande kifupi cha chuma imara kilichotengenezwa kwa kazi hiyo, juu ya springi nzima, sitakigombania sana. Inchi nne za kuvuta tela, hapana. Na nimewahi kuona kwa macho yangu mtu aliyeweka mbao. Mbao! Zikikauka zinasinyaa, bolti zinalegea, ekseli inahama. Zile pingu za nyuma ya springi kufanywa ndefu ziko katika kundi hilohilo: zinainua bila kubeba, na gari linaanza kuyumba.

Mifuko ya upepo inayowekwa kati ya ekseli na chasisi inaonekana mitandaoni siku hizi. Inafanya kazi, ila inahamisha uzito wote wa ziada sehemu moja ya chasisi ambayo haikutengenezwa kuubeba peke yake. Australia, ambako watu huvuta matela mazito kwa pikapu kwenye barabara za vumbi, chasisi zilizopinda nyuma ya kebini ni jambo linalofahamika vizuri. Barabara zetu unazijua.

Njia yoyote utakayochagua, kuna mambo yanayobadilika chini ya gari ambayo fundi akiyasahau hutayajua mpaka siku ya shida. La kwanza kwangu ni breki. Chini ya pikapu nyingi, hasa za miaka ya nyuma, kuna kijiti cha chuma kinachoiunganisha ekseli ya nyuma na vali ya breki iliyo kwenye chasisi. Gari likipakiwa, chasisi inashuka, kijiti kinasukumwa, vali inaelewa kwamba kuna mzigo na kuongeza nguvu ya breki za nyuma. Gari likiwa tupu inapunguza, ili tairi za nyuma zisiburuzike. Sasa ukiinua nyuma, vali inadhani gari ni tupu wakati umebeba tani. Hata ukiongeza bapa tu ni hivyohivyo kwa kiasi fulani, kwa sababu springi ngumu haishuki kama zamani. Kijiti hicho lazima kirekebishwe kulingana na kimo kipya. Kwenye pikapu ya kikundi kilikuwa kimeshika kutu kabisa, hakisogei juu wala chini. Sijui ni kwa miaka mingapi breki za nyuma zilikuwa zikifanya kazi kwa kubahatisha.

Mengine fundi ayatazame gari likiwa juu ya jeki na tairi za nyuma zinaning'inia: mpira wa breki usivutike, waya wa breki ya mkono usikaze, na zile bomba za kuzuia gari lisirukeruke zisiwe zimefika mwisho wa urefu wake. Propela shafti nayo ikibadilika mwelekeo inaanza kutetemesha gari na kula krosi zake. Taa za mbele zirekebishwe.

Kisha tela lenyewe. Watu wengi wanainua pikapu halafu wanashangaa tela limeanza kucheza. Kishikio kimepanda pamoja na gari! Tela sasa limeinua pua, mzigo unaelemea mkia wake, ulimi umekuwa mwepesi. Tela livutwe likiwa limelala sawa na barabara. Ukiinua gari, shusha kishikio kwa kiasi hichohicho, kwa chuma kilichotengenezwa vizuri na kufungwa kwa bolti kwenye chasisi, kisichoning'inizwa kwenye bampa.

Usisahau tairi. Pembeni ya tairi kuna namba ya mzigo. Ikisoma 106, tairi hiyo inabeba kilo 950 ikiwa imejazwa upepo wa kipimo chake, na ikisoma 112 inabeba 1,120. Zidisha kwa mbili, hapo ndipo mwisho wa ekseli ya nyuma kwa upande wa tairi. Springi ngumu haziibadilishi namba hiyo, wala hazibadilishi bearingi, breki au ekseli yenyewe. Pikapu ya tani moja iliyoongezwa mabapa bado ni ya tani moja. Na zile kilo za ulimi wa tela zimo ndani ya tani hiyo, haziko nje yake.

Kikundi walikubali. Walinunua springi zilizotumika, nzima, pande mbili, na bolti mpya. Pamoja na kazi na kile kijiti cha breki ikafika laki tatu na kitu. Gari likipakiwa sasa nyuma inasoma 49 badala ya 44, pande zote mbili sawa, na mbele inabaki 51.

Tulipofika kwenye Kitonga hatukukubaliana kirahisi. Tela lao halina breki. Katika nchi za Ulaya tela lisilo na breki mwisho wake ni kilo 750, pamoja na uzito wa tela lenyewe. Kwa tela la kilo 350 hiyo ni magunia manne ya kilo 100, si tisa ya lumbesa. Nilisema wazi: kwenye mteremko ule, kilo 1,400 zinazosukuma kutoka nyuma zinasimamishwa na breki za pikapu peke yake, na breki zikipata moto sana zinaacha kushika hata kama ni mpya. Nikapendekeza tela lifanye kazi ya juu huku, kutoa vitunguu mashambani hadi barabarani, kwa mwendo mdogo. Kuteremka Kitonga wapakie pikapu peke yake, kilichobaki wachangie lori.

Mama mmoja, mfanyabiashara wa siku nyingi kuliko mimi na kazi hii, alisimama. "Bwana shamba, safari mbili ni mafuta mara mbili. Lori nalo linakuja linapotaka lenyewe. Tofauti hiyo nani analipa?"

Nikamwambia analipa yeye na wenzake, na kwamba sina mahali pengine pa kuitoa. Walibishana kwa lugha ya nyumbani, mwenyekiti akanyoosha mkono, wakapiga kura. Tela lilibaki juu kwa kura mbili tu za ziada. Wiki iliyofuata bei ya Morogoro ilishuka wakati nusu ya mzigo wa mama yule ukiwa bado ghalani ukisubiri lori. Alinipigia simu kunieleza kiasi alichopoteza, kwa shilingi kamili. Nilimsikiliza mpaka mwisho. Sikuwa na la kumrudishia, na kama wangeniuliza tena siku hiyo ningesema vilevile.

Sasa wanatafuta fundi wa kufunga breki kwenye tela, zile zinazojibana zenyewe tela linapoisukuma pikapu. Nimewaambia wasimlipe mpaka ajaribiwe kwa mzigo kwenye kilima kidogo kwanza.

Wale watatu waliobaki, na wengine mtakaonipigia: kabla ya simu niandalieni kimo cha tairi zote nne gari likiwa tupu, vimo hivyohivyo likiwa limepakiwa na tela limefungwa, uzito wa ulimi, uzito wa gunia moja lililopimwa kweli, na namba ya mzigo iliyo kwenye tairi za nyuma. Jumatano na Alhamisi nakuwa ofisini kuanzia saa mbili asubuhi, siku nyingine niko mashambani na mtandao ni wa kubahatisha.